Harry Thuku, Aliyehamishwa kwa Ajili ya Barua Zake

Wasomaji wetu wa Machame, Marangu na Rombo wana haki ya kutuuliza kwa nini leo twaandika maisha ya mtu wa Kiambu, ilhali mlima wetu una mashujaa wake. Jibu letu ni kahawa. Katika miaka ya 1920 Mchagga alikuwa na mibuni yake kihambani, na mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao wenyewe, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Masetla wa Moshi hawakupendezwa. Walinung'unika kwamba kahawa ya Mwafrika ingeleta magonjwa katika mashamba yao. Hata hivyo wakulima hawakurudi nyuma, na mwaka 1933 KNCU ikashika mahali pa chama kile cha kwanza. Lakini ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Taveta na Voi, Mkikuyu aliyechuma kahawa ya setla kutwa nzima hakuruhusiwa kupanda mbuni wake mwenyewe. Kule mtu mmoja alijaribu kuyasema madhila ya watu wake kwa karatasi na wino, na yaliyompata yatuhusu sisi pia.

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, akafundishwa kusoma na kuandika na wamisionari wa Gospel Missionary Society. Alipofika Nairobi, angali kijana, alipatikana na kosa la kughushi hundi akafungwa miaka miwili. Hatulifichi jambo hilo. Wako waandishi wanaowapaka chokaa watu wakubwa mpaka wasitambulike, nasi hatuoni faida yake. Baadaye alipata kazi katika mtambo wa gazeti la masetla lililoitwa Leader, akipanga herufi za chapa na kuendesha mashine. Basi mikono yake ilipanga, herufi baada ya herufi, maneno ya watu waliotaka kazi ya Mwafrika iwe rahisi na ardhi yake iwe yao. Sidhani palikuwa na shule ya siasa iliyokuwa bora kuliko hiyo katika Nairobi yote. Kutoka hapo akaajiriwa na serikali, akawa mpokea simu katika ofisi ya Hazina.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na wapagazi waliosalia walirudi makwao wakakuta malipo ya ajabu. Mwaka 1920 nchi ilitangazwa kuwa koloni. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Kodi ilipanda. Wanawake na wasichana walishurutishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Kisha, mwaka 1921, masetla wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mfanyakazi anayesoma haya na apige hesabu mwenyewe: aliyekuwa akipata shilingi 12 abakiwe na 8, na kodi imngojee palepale mlangoni.

Mwezi wa Juni mwaka ule Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Haikupita muda wakakibadili jina, kikaitwa East African Association, kwa maana mjini Nairobi wanyonge hawakuwa wa kabila moja. Twapenda sana jambo hili. Siku zile watawala walitaka kila kabila liseme peke yake, na kupitia kwa chifu wake. Kijana wa miaka 26 akafungua mlango mpana wa kuingia Afrika ya Mashariki nzima.

Silaha yake ilikuwa barua. Alipeleka simu ya maandishi mpaka London, akieleza habari za kipande, kodi, kazi ya shuruti na mishahara. Alitoa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Alisaidiwa na M. A. Desai, Mhindi, mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Serikali ilichukizwa, naye akaiacha kazi ya Hazina asiiache siasa. Katika mikutano ya vijijini maneno yake juu ya machifu yalikuwa makali, na aliwaambia watu wasiitii kazi ya shuruti. Hakumwambia mtu yeyote ashike silaha.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Asubuhi ya tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, wengi wao wafanyakazi waliogoma. Wazee wachache waliitwa ndani kuzungumza na wakubwa. Walipotoka waliwashauri watu waende makwao. Ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipovua heshima yote ya desturi, akainua nguo yake mbele ya wanaume na kuwataka wampe suruali zao, kama wao hawathubutu. Umati ukasonga mbele. Askari wakapiga risasi, na Wazungu waliokuwa katika baraza ya hoteli ya Norfolk wakapiga na wao. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walihesabu zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Na Thuku? Hakusimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Hakusomewa shitaka. Alichukuliwa pwani akapelekwa Kismayu, na nchi ile ilipotolewa kwa Waitalia akahamishiwa Lamu, kisha Witu, kisha Marsabit katika jangwa la kaskazini. Karibu miaka tisa ilipita kabla hajarudi kwao. Mwizi wa kuku alijua siku yake ya kutoka. Mwandishi wa barua hakuijua, kwa kuwa hapakuwa na hukumu, na pasipo hukumu hapana rufani wala siku ya mwisho.

Mtu aliyerudi hakuwa yule wa kwanza. Aliongoza Kikuyu Central Association kwa muda mfupi, akagombana na wenzake, na mwaka 1935 akaunda chama kingine kilichoahidi kufuata sheria kwa kila jambo. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Study Union, lakini hakukaa. Mau Mau ilipozuka aliipinga waziwazi, na mwaka 1952 alisema katika redio dhidi yake. Kwa hayo wengi walimwita msaliti, na sisi wenyewe hatuwezi kumsifu kwa kila alilolitenda. Walakini tazama upofu wa wale waliomhamisha: walimwogopa kama moto mtu ambaye katika maisha yake yote hakutaka njia nyingine ila maneno.

Mambo haya hayakukoma bendera zilipobadilika. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Limuru, katika Kiambu ileile, aliyemtaja Thuku katika riwaya yake ya mwaka 1967, alikamatwa mwisho wa mwaka 1977 na serikali ya Kenya huru, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushitakiwa. Na huku kwetu? Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuzuia watu bila mashitaka mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walizuiliwa. Walioipitisha walikuwa wenzetu katika kudai uhuru, na walikuwa na hofu zao. Huenda nyingine zilikuwa za kweli. Lakini walijua habari za Thuku. Kama mtu amevunja sheria, mahakama ya Moshi ina milango, na ya Nairobi pia.

Miaka yake ya mwisho Thuku alilima kahawa, ile waliyokatazwa watu wake zamani. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki tarehe 14 Juni 1970, na barabara ipitayo mbele ya hoteli ya Norfolk ina jina lake.