Charles Dow: Mwana wa Mkulima Aliyesoma Mawimbi ya Soko

Mvuvi wa sambaza wa Nkanka, katika wilaya ya Rusizi, huyatazama maji ya Ziwa Kivu kabla ya kusukuma mtumbwi wake jioni. Viwimbi vidogo vya ukingoni havimshughulishi. Atakacho kujua ni hali ya ziwa lenyewe. Ndugu msomaji, leo twaeleza maisha ya mtu aliyelitazama soko la hisa kwa jicho la namna hiyo. Tumemchagua kwa sababu askari wa leo anaweza kuitoa akiba yake Zigama na kununua hisa, kwani Soko la Hisa la Rwanda lilifunguliwa rasmi mwaka 2011, na hisa za kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilicho katika wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, ziliingizwa humo mwaka 2020. Akiba ya miaka 10 ya zamu za usiku si kitu cha kuchezea.

Charles Henry Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 katika shamba la Sterling, jimbo la Connecticut, nchini Marekani. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo. Elimu ya juu hakuipata. Alipotimia miaka 21 aliingia katika kazi ya uandishi wa habari mjini Springfield, kisha akahamia Providence.

Mwaka 1879 alitumwa Leadville, milimani Colorado, pamoja na matajiri waliokwenda kukagua machimbo ya fedha. Huko aliona watu wakitajirika na wengine wakifilisika kwa uvumi tu, akajifunza pia jinsi wenye mitaji wanavyopima jambo kabla ya kutoa fedha zao. Sisi twaamini kwamba safari hiyo ndiyo iliyomjenga kuliko darasa lolote.

Mwaka 1882, yeye na wenzake wawili, Edward Jones na Charles Bergstresser, walianzisha kampuni ya habari za biashara mjini New York, ndani ya chumba cha chini ya ardhi karibu na soko la hisa. Mnamo tarehe 8 Julai 1889 karatasi yao ya habari iligeuka kuwa gazeti la Wall Street Journal.

Kazi kubwa ya Dow ilikuwa nyepesi hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeiweza. Tarehe 3 Julai 1884 alichukua bei za hisa za kampuni 11, tisa kati yake zikiwa za reli, akazijumlisha na kutafuta wastani. Tarehe 26 Mei 1896 alitoa wastani mwingine wa kampuni 12 za viwanda. Siku hiyo ulikuwa 40.94. Kabla ya hapo, mtu aliyeuliza kama soko lapanda au lashuka alijibiwa kwa habari za hisa moja moja, kila dalali akisifu yake.

Kuanzia mwaka 1899 Dow aliandika tahariri akieleza aliyoyaona katika wastani hizo. Alisema kuna miendo mitatu kwa wakati mmoja: mkubwa wa mwaka au zaidi, wa kati wa majuma au miezi, na wa kila siku. Aliufananisha ule mkubwa na maji ya bahari kujaa na kupwa. (Watu wa Kivu hawana kujaa na kupwa, mfano huu utawaelea upesi zaidi ndugu zetu wa pwani.) Kila kilele kikipita kilele kilichotangulia, na kila bonde likibaki juu ya bonde lililotangulia, soko lapanda. Mpangilio huo ukivunjika, hapana budi kutahadhari. Tena wastani wa reli na wa viwanda zilipaswa kukubaliana, kwa maana bidhaa zikitengenezwa bila kusafirishwa kuna kasoro. Askari atalifahamu hili mara moja: ripoti ya mpelelezi mmoja haitoshi kuhamisha kikosi.

Wanaoanza husahau kwamba Dow alipima soko zima, lenye wanunuzi na wauzaji wengi kila siku. Katika soko dogo kama la Kigali, hisa ya kampuni huweza kukaa siku kadhaa bila kununuliwa. Mstari wa mchoro ukinyooka hapo, si dalili ya utulivu. Pengine hakuna mtu aliyefanya biashara. Anayeanza na atazame kwanza idadi ya hisa zilizouzwa, na afanye mazoezi kwa kalamu na daftari kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa akiba yake. Dow mwenyewe aliwashauri wasomaji wakubali hasara ndogo mapema badala ya kungoja iwe kubwa.

Hakuandika kitabu chochote juu ya nadharia inayobeba jina lake. Waliomfuata ndio walioikusanya: Nelson, kisha William Hamilton, ambaye mwishoni mwa Oktoba 1929 aliandika kwamba maji yamegeuka, soko likiwa tayari limeanza kuporomoka, wengi walikwisha kuchelewa.

Mwaka 1902 Dow, afya yake ikiwa imedhoofika, aliuza sehemu yake katika kampuni. Alifariki Brooklyn tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, mwenye umri wa miaka 51, akazikwa Providence.