Franz Liszt: Kupasha Vidole, Kupasha Moyo



Vijana wapendwa, leo tumtazame mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya watakatifu, na maisha yake yalikuwa na mabonde mengi. Lakini ana somo kwa kila aliyewahi kuchoka kusali kwa sababu sala ni zile zile kila siku.

Franz Liszt alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1811 katika kijiji cha Raiding, wakati ule Hungaria, leo Austria. Baba yake, Adam, alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya ukoo wa Esterházy, na ujanani aliwahi kuwa mnovisi wa Wafransisko. Akiwa na miaka 9 hivi, Franz alikuwa tayari anapiga piano mbele ya watu, na watu wanashangaa.

Mwaka 1822 wakahamia Vienna, kwa mwalimu Carl Czerny, mwanafunzi wa zamani wa Beethoven. Czerny aliona kipaji kikubwa, ila vidole havina utaratibu. Akamrudisha mwanzo kabisa: skeli, mazoezi ya vidole, taratibu, kwa mapigo sawa. Fikiria, mtoto anayepigiwa makofi ukumbini anaambiwa aanze moja! Hakufurahi. Lakini Czerny alishikilia msimamo, na baada ya masomo machache akakataa kupokea malipo.

Baba yake alifariki mwaka 1827, Franz akiwa na miaka 15. Akabaki Paris na mama yake, akifundisha piano ili wapate kula. Kipindi kile alitamani sana kuingia seminari. Mama yake na padre muungamishi wake wakamshauri asubiri.

Aprili 1832 alimsikia Niccolò Paganini akipiga fidla, akawaka. Alifanya nini? Alirudi kwenye yale yale ya Czerny. Saa nne hadi tano kwa siku za mazoezi matupu: skeli, oktava, sauti mbili kwa mpigo mmoja, kurudia sauti moja haraka bila mkono kukakamaa. Na pembeni akisoma Biblia na Plato.

Kati ya 1839 na 1847 alizunguka Ulaya nzima. Umaarufu wake haukuwa mchezo. Watu waligombania hata glavu zake. Na hapa tusifiche: aliishi na Marie d'Agoult, mke wa mtu, wakapata watoto watatu. Vidole vilikuwa na nidhamu, moyo bado ulikuwa unatangatanga.

Mwaka 1847, akiwa na miaka 35, akaacha ziara za kupiga piano kwa malipo. Halafu misiba ikamfuata: mwanawe Daniel alifariki 1859, binti yake Blandine 1862. Mwaka 1863 akahamia kwenye monasteri ya Madonna del Rosario nje ya Roma, akaishi chumba cha kawaida chenye piano ndogo. Papa Pio wa Tisa mwenyewe alikwenda kumtembelea. Mwaka 1865 akapokea daraja ndogo nne, kuanzia ubawabu hadi uakoliti. Padre hakuwa kamwe, ila alivaa kanzu ya kikleri hadi mwisho.

Sasa sikiliza hili. Kuanzia 1868, mpiga piano mashuhuri kuliko wote alikaa chini kuandika mazoezi ya kupasha vidole. Yakajaza juzuu 12. La kwanza kabisa: mkono utulie juu ya vitufe, vidole vinne vikae palepale vimebonyeza, kimoja tu kifanye kazi. Kisha kingine, mpaka kile cha nne, ambacho kwa kila mtu ni kivivu. Hakuna wimbo hapo, hakuna wa kukupigia makofi. Na wanafunzi waliomfuata Weimar, Budapest na Roma aliwafundisha bure, kama Czerny alivyomfanyia yeye. Alifariki Bayreuth tarehe 31 Julai 1886.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba matendo yakirudiwa hujenga tabia ndani ya mtu, na fadhila ya kibinadamu hupatikana hivyo. Neema ni zawadi ya Mungu, hatuitengenezi kwa mazoezi. Lakini mkono uliokakamaa haupokei kitu vizuri.

Liszt alijua kwamba siku ya tamasha si siku ya kuanza kulegeza vidole. Nasi siku ya jaribu, au ya msiba, si siku ya kuanza kujifunza kusali. Baba Yetu ya asubuhi, fumbo moja la rozari ukiwa kwenye daladala, kutafuta dhamiri dakika tano kabla ya kulala: hayo ndiyo mazoezi yetu. Siku nyingine hayana ladha yoyote. Yafanye tu, taratibu, bila kuruka kidole kilicho kivivu. Wewe unakijua ni kipi.

Na wewe unayepiga kinanda parokiani, Jumapili fika mapema, pasha vidole kabla ya wimbo wa mwanzo. Hiyo nayo ni sala.

Mungu awabariki.