Daktari Ridley na Kipimo cha Jicho

Ukimpeleka nyanya hospitali hapa Eldoret kutolewa mtoto wa jicho, jicho hupimwa kwanza urefu na mviringo wake, ndipo ichaguliwe lenzi ya kumwekea. Unajua kwa nini?

Harold Ridley, daktari Mwingereza, alizaliwa 1906. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege. Vilikaa machoni bila kuwadhuru. Basi tarehe 29 Novemba 1949, huko London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Ilikaa vizuri, lakini nguvu yake ilizidi mno! Mgonjwa hakuona vya mbali bila miwani mizito.

Madaktari wakubwa walimpinga miaka mingi, naye hakuacha. Alifariki 2001, mwenyewe akiwa amewekewa lenzi hizo.

Leo inajulikana: ukikosea urefu wa jicho kwa milimita moja tu, mgonjwa atahitaji miwani ya karibu namba 3. Kwa hiyo, ndugu yangu, foleni ya vipimo isikuchoshe. Mvumilie anayepima, nyanya apate kusoma msahafu wake.