Daktari wa Jicho Moja

Wengi wetu hapa Shume twaona haya kutaja habari za choo, hata mbele ya daktari. Basi katika toleo hili twapenda kuwaeleza maisha ya mtu ambaye hakuona haya hiyo hata kidogo. Jina lake ni Denis Burkitt.

Alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, mjini Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, naye alipenda sana ndege. Aliwavisha pete miguuni apate kuwatambua, kisha akachora ramani ya mahali anapokaa kila mmoja. Tulikumbuke jambo hili la ramani. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililotupwa na wavulana lilivunja miwani yake, na jicho moja likapotea.

Huko Dublin alianza kusoma uhandisi, lakini akageukia udaktari, akahitimu mwaka 1935, na baadaye akawa mpasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifika Kenya pamoja na jeshi, na mwaka 1946 alipewa kazi Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Burkitt akaanza kuandikia hospitali za nchi nyingi, akatia alama juu ya ramani kila mahali ugonjwa ulipoonekana. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda motokaa kuukuu, wakasafiri maili 10,000 hivi mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ule hauonekani katika nchi za juu zaidi ya futi 5,000. Milima yetu ya Shume imepita kimo hicho. Baadaye ilijulikana kwamba virusi na malaria vinahusika, na mbu wa malaria hapendi baridi. Saratani hiyo yaitwa kwa jina la Burkitt hata leo.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza, na huko swali la pili likamshika. Mbona maradhi yaliyojaa katika hospitali za kwao, kama vile saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo, na vidonda vya utumbo mpana, aliyaona kwa nadra sana Uganda? Alidhani jibu liko katika chakula. Basi yeye na wenzake wakawapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa mpaka vitoke, na choo wakakipima kwa mizani. Mwaka 1972 walitangaza kwamba kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, na kwa baadhi ya Waingereza waliopimwa zaidi ya saa 80. Wanakijiji walikula vyakula vyenye makapi mengi, mfano wa dona na maharage yetu. Wapo waliomcheka, lakini yeye aliendelea kuhubiri makapi mpaka uzee wake.

Si yote aliyodhani yaliyothibitika. Vidonda vya utumbo mpana, kwa mfano, chanzo chake hakijajulikana sawasawa mpaka leo, wala haikuthibitika kwamba vyaletwa na upungufu wa makapi. Lakini siku hizi daktari aweza kufanya ambalo Burkitt hakuweza kulifanya kwa barua na mizani. Hupitisha ndani ya utumbo mpira mwembamba wenye taa na kamera, akaona ngozi ya ndani kwa macho yake. Vyombo vipya hukuza picha mara nyingi na kubadili rangi ya mwanga, hata mishipa midogo ya damu ikaonekana wazi. Faida yake ni kubwa, kwa maana mgonjwa aweza kujiona amepona, maumivu yamekwisha na damu imekatika, kumbe ndani bado pana uvimbe na vidonda. Yule ambaye utumbo wake umepona kweli kweli hana hatari kubwa ya kurudiwa na ugonjwa kama yule aliyepona kwa nje tu.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Kwa jicho moja aliona mambo ambayo wengi wenye macho mawili waliyapita, kwa sababu aliuliza, akapima, akaandika.

Nasi tuna la kujifunza. Mwanafunzi akiona damu katika choo chake, asinyamaze kwa haya, wala asijitibu kwa kubahatisha. Huenda ni amiba, huenda ni kichocho, huenda ni vidonda tulivyovitaja. Bwenini hatuwezi kuvitenga. Aende hospitali, aseme wazi, apate kupimwa.