Mwalimu wa Katuni

Kuna watu wazima hudhani katuni ni kazi ya watoto watukutu. Basi nawaletea Rodolphe Töpffer, kwani huyu alikuwa mwalimu hasa!

Alizaliwa mwaka wa 1799 mjini Geneva, Uswisi. Babake alikuwa mchoraji wa rangi na kijana alitaka kumfuata, lakini wapi! Macho yalimsumbua, ikambidi aache rangi. Akawa mwalimu, akafungua shule ya bweni ya wavulana. Ili kuwachekesha wanafunzi wake alichora hadithi kwa wino, picha moja baada ya nyingine, maneno yakiwa chini. Mwaka wa 1827 alimchora Bwana Vieux Bois, anayehangaika na mapenzi kama mwendawazimu.

Kuchapisha aliogopa, ati mwalimu mzima angedharauliwa. Ni Goethe, yule mwandishi mkuu wa Ujerumani, aliyeiona michoro yake akaisifu sana. Töpffer akapata moyo, akachapisha kitabu cha Bwana Jabot mwaka wa 1833.

Mwaka wa 1845 alitoa kitabu cha kufundisha kuchora nyuso. Geuza mstari wa mdomo kidogo tu, mtu mpole anakuwa mkali. Nimejaribu kwenye daftari, ni kweli kabisa! Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 47.