Sheikh Ramiya wa Bagamoyo

Marehemu Sheikh Yahya bin Abdalla, ambaye watu wa pwani na wa bara walimjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo. Alitekwa angali mtoto, akateremshwa pwani kwa njia ya misafara, akanunuliwa Bagamoyo na Bwana Amir bin Sulaiman Lamki, aliyekuwa liwali wa mji. Msomaji wa Kagugu asimwone kuwa mtu wa mbali. Kabla ya kujengwa msikiti wa Nyamirambo mwaka 1913, waliotangulia kuuleta Uislamu Kigali walikuwa wafanya biashara wa pwani na Wamanyema, watu wa njia hizo hizo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikifungua kitabu chake cha Kimiya ya Saada kwa mlango wa kujijua nafsi, akamtaka mtu ajiulize ametoka wapi na anakwenda wapi. Swali hilo ni zito hata kwa mwenye nasaba iliyoandikwa. Mtoto aliyenyakuliwa kwa wazazi wake atamwuliza nani? Jina la Ramiya alipewa utumwani. Jina la baba aliloitiwa, Abdalla, ndilo walilozoea kuitiwa wasiojulikana baba zao katika Uislamu, na maana yake ni mja wa Mwenyezi Mungu. Basi mtu aliyenunuliwa kwa fedha alibeba katika nasaba yake ukumbusho wa Mola asiyenunua wala kuuza.

Aliuza samaki, na kidogo kidogo akapata mashamba ya minazi. Ilimu akaitafuta kwa masheikh wa mji, akaishika barabara, hata akafungua darasa lake mwenyewe. Akaingia katika tarika ya Kadiria, akawa khalifa, na muridi wake wakaenea bara kwa njia ya misafara, njia ile ile aliyoletwa nayo yeye. Hayo yote yalitokea siku ambazo utumwa ulikuwa haujafutwa. Sheria ya kuukomesha Tanganyika ilitoka mwaka 1922.

Pwani ya zamani ilipima watu kwa nasaba. Muungwana alitajwa kwa babu zake, na wa bara akaitwa mshenzi. Ndiyo maana wengi waliotoka utumwani, walipopata mali kidogo, walijitafutia asili nyingine, wakaficha ya kwao. Si haki kuwalaumu sana, kwani aibu ile walivikwa na wenzao. Lakini anayejificha kwa watu mwisho hujificha na nafsi yake.

Chini ya utawala wa Waingereza, Sheikh Ramiya naye akapewa uliwali wa Bagamoyo. Akakaa katika cheo kile kile alichokuwa nacho bwana wake wa zamani. Pengine mtihani huu ulikuwa mkubwa kuliko ule wa utumwa. Mtumwa hukumbushwa unyonge wake kila asubuhi, na mkubwa hakumbushwi na mtu. Alikuwa sasa na mashamba, darasa, muridi na amri ya mji, na lau angalitaka kuliacha jina la utumwani, angaliweza. Jina likabaki lile lile, likatanguliwa na usheikh.

Alifariki Bagamoyo mwaka 1931, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ukhalifa ukashikwa na mwanawe, naye maisha yake yote akajulikana kwa jina la Sheikh Muhammad Ramiya.