Felix Bloch, mtu aliyewafungulia wanakemia macho

Kakontwe, mjini Likasi, mwenye kuchoma mawe ya chokaa anahakikisha kama jiwe limeiva hadi ndani baada ya kulitoa kwenye tanuru na kulivunja. Kama halijaiva, kuni na muda vimekwisha potea. Wanakemia wa dunia nzima walikuwa na shida ya namna hiyo: walichanganya dawa, wakangoja, kisha wakachota kidogo na kupima. Aliyewasaidia kuona kazi ingali inaendelea ni mwanafizikia Felix Bloch.

Bloch alizaliwa Zurich, Uswisi, tarehe 23 mwezi wa kumi 1905, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1928 alipata udaktari huko Leipzig, Ujerumani, chini ya mwalimu Werner Heisenberg. Hitler aliposhika utawala mwaka wa 1933, kijana huyo alikimbia. Mwaka uliofuata alianza kufundisha chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Wasomaji wetu wengi wanajua kuanza upya ugenini ni nini.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, alifanya kazi Los Alamos, kwenye mradi wa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Lakini Bloch hakudumu pale. Alihamia Harvard kwenye kazi ya rada, na ujuzi wa redio alioupata huko ndio uliomfaa baadaye.

Mwaka wa 1946, yeye na wenzake walitia maji ndani ya sumaku kali, wakayapigia mawimbi ya redio, na viini vya haidrojeni vikajibu. Kundi la Edward Purcell liligundua jambo hilohilo karibu wakati mmoja, na wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka wa 1952. Ufundi huo unaitwa RMN.

Leo mchanganyiko unaweza kupitishwa kwa mrija ndani ya sumaku na kurudi chunguni. Mtaalamu anaona malighafi ikipungua na dawa mpya ikiongezeka, dakika kwa dakika, na anaweza kusimamisha kazi kabla haijaharibika. Tanuru la chokaa halipimwi hivyo, kwani RMN ya namna hii inataka vitu vya majimaji. Hata shaba iliyoyeyuka katika asidi, kama ile ya viwanda vya Likasi, huvuruga majibu ya viini.

Bloch alifariki Zurich tarehe 10 mwezi wa tisa 1983, akiwa na miaka 77, wakati hospitali za kwanza zilikuwa zinaanza kutumia IRM, mashine iliyozaliwa na ufundi huohuo.